Kuzimu na Jehanamu: Uhakiki wa Maneno Mawili na Hoja Zilizojengwa Juu Yake

Swali la kama jehanamu ipo au haipo ni la siku nyingi, wala si mali ya wanateolojia peke yao. Msamala, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu huishi nyumba kwa nyumba, na neno hilo lasikika kanisani, msikitini na matangani. Mmoja husema jehanamu ipo kwa kuwa Maandiko yameitaja. Mwingine husema haipo kwa kuwa Mungu mwenye rehema hawezi kuwa na mahali pa namna hiyo. Lakini aghalabu wabishani hao hawasemi juu ya kitu kimoja. Mmoja ana kuzimu akilini, wa pili ana jehanamu, wa tatu ana ziwa la moto, na wote watatu hutumia neno moja. Ubishi wa namna hiyo hauwezi kwisha, maana haujaanza.

Makala haya yahakiki maneno mawili ya Biblia ya Kiswahili, kuzimu na jehanamu, pamoja na hoja ambazo wahubiri na wapinzani wao wamezijenga juu yake. Jambo litakaloonyeshwa ni hili: wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliyatenga mambo mawili ambayo tafsiri nyingine mashuhuri ilikuwa imeyachanganya, na wasemaji wakayachanganya tena. Madhara ya mchanganyiko huo si ya lugha tu. Yamewagusa watu pamoja na wazee wao waliokufa.

Katika Agano la Kale neno la Kiebrania ni Sheol, nalo lapatikana mahali 65. Maana yake yajulikana kwa matumizi. Yakobo, alipodhani kwamba mwanawe Yusufu ameraruliwa na mnyama, alisema kwamba yeye naye atashuka Sheol kwa mwanawe akiomboleza (Mwanzo 37:35). Hapana msomaji atakayedhani kwamba Yakobo alimhesabu mwanawe mpendwa kuwa miongoni mwa waliolaaniwa. Ayubu, katika mateso yake, alimwomba Mungu amfiche Sheol mpaka ghadhabu ipite (14:13); na mtu haombi kufichwa motoni ili apate kupumzika. Mhubiri asema kwamba huko hakuna kazi, wala shauri, wala maarifa (9:10). Mwenye Zaburi ya 139 asema kwamba hata huko Mungu yupo. Basi Sheol ni makao ya wafu wote, wema na wabaya, mahali pa kimya na giza. Pengine waovu hutishwa kwamba watapelekwa huko upesi, kama katika Zaburi ya 9, lakini kitisho ni kile cha mauti yenyewe.

Wayahudi walioifasiri Biblia yao kwa Kiyunani walitumia neno Hades mahali pa Sheol, na waandishi wa Agano Jipya wakalipokea. Hades yapatikana mara 10 katika Agano Jipya. Mojawapo ni katika hotuba ya Petro siku ya Pentekoste (Matendo 2), ambapo Zaburi ya 16 yafasiriwa kuwa habari ya Kristo mwenyewe, kwamba hakuachwa Hades.

Neno la pili ni Gehenna, nalo lina asili nyingine kabisa. Ni jina la bonde lililo kusini ya Yerusalemu, Ge-Hinnom, lililotajwa katika Yoshua 15:8 kuwa mpaka wa nchi ya Yuda. Huko wafalme Ahazi na Manase waliwapitisha watoto wao motoni. Mfalme Yosia akapatia unajisi mahali hapo. Na Yeremia akatabiri kwamba bonde hilo litakuwa mahali pa machinjo na maziko. Katika Agano Jipya jina hili lapatikana mara 12: mara 7 katika Mathayo, 3 katika Marko, moja katika Luka, na moja katika Waraka wa Yakobo. Isipokuwa hiyo ya Yakobo, zote zimo katika maneno ya Yesu mwenyewe. Paulo halitumii hata mara moja, wala halimo katika Injili ya Yohana. Tena kuna kitenzi kimoja kinachotokana na Tartaros, katika Waraka wa Pili wa Petro 2:4, nacho chahusu malaika waliokosa, si wanadamu.

Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, iliyotawala fikira za watu wengi hata nje ya Uingereza, ilitumia neno lile lile moja kwa Hades na kwa Gehenna. Kwa Sheol ilitumia neno hilo mara 31, na neno la kaburi mara 31, na neno la shimo mara 3, bila kanuni iliyo wazi. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa Kiingereza aliona Sheol ya watu wote na Gehenna ya hukumu zikiwa kitu kimoja. Kosa hilo lilirekebishwa katika tafsiri iliyosahihishwa, Agano Jipya mwaka 1881 na Agano la Kale mwaka 1885, lakini desturi ya mimbari ilikuwa imekwisha kukomaa.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kazi ya kufasiri ilianza Mombasa katika miaka ya 1840 kwa mkono wa Ludwig Krapf, ikaendelezwa Unguja na Askofu Edward Steere, na Biblia nzima ya Kiunguja ikachapwa mwaka 1891. Karl Roehl alitoa Biblia yake mwaka 1937, akijitahidi kuyapunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Hatimaye ikatoka Tafsiri ya Muungano, Agano Jipya mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952, ambayo mpaka leo ndiyo isomwayo zaidi na Waprotestanti. Katika Tafsiri ya Muungano, Sheol na Hades kwa kawaida huwa kuzimu. Gehenna huwa jehanum. Na mahali pa Tartaros pametiwa neno shimo. Mpango huu ni mzuri. Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kiebrania wala Kiyunani aweza, kwa kufuata maneno tu, kuona tofauti ambayo msomaji wa Kiingereza wa karne nzima hakuiona.

Uzuri wa mpango huo umo pia katika uteuzi wa maneno. Kuzimu ni neno la Kibantu. Lina shina -zimu, lile lile lililomo katika mzimu, mizimu na zimwi, likitanguliwa na ku- ya mahali. Maana yake ya asili ni mahali walipo waliokufa. Wako walioling'ang'ania sauti ya kitenzi kuzima, wakasema kuzimu ni mahali uhai unapozimika. Lakini kufanana kwa sauti hakutoshi kuwa ushahidi. Linalotosha ni matumizi: kabla ya mahubiri ya Kikristo kuzimu halikuwa jina la tanuri, bali jina la upande wa pili wa maisha. Kwa hiyo lilifaa sana kubeba maana ya Sheol.

Jehanamu nalo lilikuja Uswahilini kwa njia ya Kiarabu na Uislamu, na Kiarabu chenyewe kilikuwa kimelipokea jina la lile bonde la Yerusalemu kwa kupitia lugha nyingine. Wafasiri walipolichukua hawakulikuta likiwa tupu. Msikilizaji wa pwani alikwisha kujua kutoka Kurani kwamba jehanamu ina milango saba (Sura ya 15), na tenzi za dini zilikuwa zimemzoeza kuziogopa adhabu zake. Hiyo ilikuwa faida, maana neno lilieleweka mara moja. Ilikuwa hasara pia, maana lilikuja na picha ambazo Injili haikuzichora. Na hapa pana kasoro moja ya Tafsiri ya Muungano. Katika Yoshua na Yeremia bonde laitwa la Hinomu. Katika Mathayo laitwa jehanum. Msomaji hana njia ya kutambua kwamba mambo hayo mawili yana jina moja, na kwamba Yesu alipolitaja alikuwa akiwakumbusha wasikilizaji wake juu ya watoto waliochomwa na juu ya tishio la Yeremia. Tanbihi moja chini ya ukurasa ingetosha kuliondoa pengo hilo.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, si la wafasiri. Ni la wasemaji waliolifanya kuzimu kuwa jina jingine la moto. Katika mahubiri mengi ya leo husemwa kwamba mwenye dhambi ataungua kuzimu, na kwamba Shetani ni mfalme wa kuzimu. Kwa mseto huo tofauti iliyotunzwa na wafasiri hupotea katika kinywa cha mhubiri.

Uzito wa jambo hili waonekana vyema katika nchi ya Songea. Wangoni walimjua Mungu kwa jina la Chapanga, na mizimu ya wazee wao waliiita mahoka. Waliokufa hawakukoma kuwa jamaa. Walikumbukwa, wakaombwa, wakaogopwa. Peramiho, upande wa magharibi wa mji, Wabenediktini walianzisha misheni yao mwaka 1898, na mafundisho yao yakaenea katika wilaya nzima. Basi mtu alipofundishwa kwamba kuzimu ni moto wa adhabu, wazee wake wote waliokwisha kufa bila kubatizwa walihamishiwa motoni siku hiyo hiyo, si kwa hukumu ya Mungu, bali kwa badiliko la maana ya neno.

Historia ya mji wenyewe yalifanya swali hili liwe kali. Tarehe 27 Februari 1906 Serikali ya Kijerumani iliwanyonga Songea viongozi na wapiganaji wa Vita vya Majimaji, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Padre wa Kibenediktini aliwabatiza baadhi yao kabla ya kunyongwa. Waliobatizwa na wasiobatizwa walifukiwa katika kaburi moja. Ikiwa kuzimu ni moto, wajukuu wao wanaambiwa kwamba mababu waliolala bega kwa bega wametengana milele kwa tendo la dakika chache lililofanywa chini ya kitanzi. Fundisho zito namna hiyo halipasi kusimama juu ya neno lililotumiwa vibaya.

Wala Kanisa lenyewe halikufundisha hivyo. Kanuni ya Imani ya Mitume, isaliwayo kwa Kiswahili, yasema kwamba Kristo baada ya kufa alishuka kuzimu. Kama kuzimu ingekuwa makao ya waliolaaniwa, Mkristo angekuwa akikiri kwamba Bwana wake alikwenda kukaa nao. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yaeleza kwamba mahali hapo ni makao ya wafu, yaani Sheol na Hades, na kwamba Kristo hakushuka ili kuwaokoa waliolaaniwa wala kuiharibu jehanamu, bali kuwafungua wenye haki waliomtangulia. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Kanisa, ya mwaka 1964, katika fungu la 16, yakubali kwamba wale wasioijua Injili bila kosa lao, wakimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, waweza kuupata wokovu. Basi mzee wa Kingoni aliye kuzimu, kwa maana halisi ya neno, yuko mahali Kristo mwenyewe alipofika.

Dhidi ya maelezo haya huletwa mfano wa tajiri na Lazaro (Luka 16), ambamo tajiri ateswa Hades katika mwali wa moto. Hoja hii ni ya haki na yataka kujibiwa. Kwanza, mfano huo waonyesha hali kabla ya hukumu ya mwisho, maana ndugu watano wa tajiri wangali hai nyumbani. Pili, waweza kuonyesha kwamba ndani ya makao ya wafu wema na wabaya hawana hali moja; hauonyeshi kwamba Hades na Gehenna ni kitu kimoja. Tatu, pana Ufunuo 20:13-14, ambapo kuzimu yawatoa wafu wake wahukumiwe, kisha yenyewe yatupwa katika ziwa la moto. Hapa hoja ya mantiki ni fupi na haina pa kupingwa: kitu hakiwezi kutupwa ndani ya nafsi yake. Kama kuzimu yatupwa katika ziwa la moto, kuzimu si ziwa la moto. Kuzimu ina mwisho; nayo si adhabu ya milele.

Upande wa pili wako wanaokana, nao wana kosa lao. Husema: jehanamu ni jina la bonde la Yerusalemu, ambalo laweza kutembelewa hata leo, kwa hiyo hakuna jehanamu nyingine. Hii ni hoja ya asili ya neno, na kila mwanafunzi wa lugha yampasa kuikataa. Asili ya neno hueleza lilikotoka, haiamui linakokwenda. Neno mbingu ni jina la anga lionekanalo juu ya vichwa vyetu. Hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo Baba wa mbinguni ni mawingu. Yesu alipowaonya wasikilizaji wake juu ya Gehenna, hakuwa akiwaonya wasianguke bondeni. Mara nyingi huongezwa kwamba bonde hilo lilikuwa jaa la mji lenye moto usiozimika. Habari hiyo hurudiwa sana, lakini ushahidi wake wa maandishi ujulikanao ni wa Rabi David Kimhi, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 baada ya Yesu. Haifai kuwa nguzo ya hoja, hasa ikiwa Yeremia na Isaya 66:24 watosha kueleza picha ya moto na mizoga.

Basi Maandiko yasema nini juu ya Gehenna yenyewe? Yasema kwamba hukumu ipo na kwamba mtu aweza kupotea. Hapa hakuna shaka, na anayetaka kulikana hilo itampasa kuyafuta maneno mengi ya Yesu. Lakini juu ya namna ya upotevu huo, maneno hayaelekei upande mmoja. Mathayo 10:28 yamtaja Mungu awezaye kuiangamiza nafsi pamoja na mwili katika Gehenna, na kuangamiza si sawa na kutesa. Yuda 7 yaita moto uliochoma Sodoma moto wa milele, ingawa mji huo hauwaki tena. Kwa hiyo milele hapo yahusu matokeo kuliko muda wa mwako. Kwa upande mwingine, Mathayo 25:46 yatumia sifa ile ile moja, aionios, kwa adhabu na kwa uzima. Augustino alisisitiza kwamba haifai kuufanya uzima uwe bila mwisho na adhabu iwe na mwisho, kwa kuwa neno ni moja. Hoja yake ina nguvu, lakini yathibitisha kwamba adhabu haitanguliki. Haithibitishi kwamba adhabu hiyo lazima iwe maumivu yanayohisiwa pasipo kukoma. Ufunuo 20:10 wasema juu ya mateso ya milele na milele, na wanaotajwa katika aya hiyo ni Ibilisi, mnyama na nabii wa uongo. Kwa wanadamu, aya zinazofuata zatumia jina la mauti ya pili.

Ndiyo sababu Wakristo wenyewe wamegawanyika tangu zamani. Wengi, pamoja na Augustino, hushika mateso yasiyo na mwisho. Wengine, na miongoni mwao Waadventista Wasabato, hufundisha kwamba waovu watakoma kuwapo. Wachache, kama Gregori wa Nisa katika karne ya 4, walitumaini kwamba mwishowe wote watarudishwa kwa Mungu. Si haki kumwambia mfuasi wa mojawapo ya njia hizi kwamba hasomi Maandiko.

Yabaki mantiki. Hoja inayotumiwa zaidi ni ya mambo matatu: Mungu ni mwema kabisa; Mungu aweza yote; watu wengine watateswa milele. Husemwa kwamba matatu hayo hayawezi kuwa kweli pamoja. Kwa kanuni za mantiki, ukinzani huo haupo bado. Yahitajiwa kauli ya nne: kwamba aliye mwema na mwenye uwezo hatamwacha mtu yeyote apotee, hata mtu huyo akikataa kuokolewa. Na kauli hiyo ya nne ndiyo hasa inayobishaniwa, kwa kuwa wapo wasemao kwamba upendo usioweza kukataliwa si upendo. Katekisimu yaieleza jehanamu kwa njia hiyo, kuwa hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu. Na Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1999 kwamba jehanamu ni hali kuliko mahali.

Hoja ya pili ni ya kipimo: dhambi ya miaka michache haistahili adhabu isiyo na miaka. Thomaso wa Akwino alijibu kwamba uzito wa kosa hupimwa kwa ukuu wa aliyekosewa, na Mungu hana mpaka. Jibu hilo lina udhaifu, maana kwa kipimo hicho dhambi zote zingelingana, hali Luka 12:47-48 yasema kwamba mmoja atapigwa sana na mwingine kidogo. Mtetezi aweza kusema kwamba tofauti ni ya ukali, si ya muda. Lakini akisema hivyo amekwisha kukubali kwamba ukuu wa aliyekosewa si kipimo pekee. Hoja ya kipimo, basi, haijaivunja jehanamu. Imeyatikisa yale mateso yasiyo na kikomo.

Iko na hoja moja ya mimbari ambayo haina budi kuachwa. Husemwa kwamba pasipo moto watu hawangeogopa dhambi, kwa hiyo moto lazima uwepo. Faida ya kuamini jambo si ushahidi wa kuwapo kwake. Mzazi aweza kumnyamazisha mtoto kwa habari ya zimwi, na mtoto akanyamaza, na zimwi lisiwepo.

Kutokana na hayo yapasa kukata shauri. Kuzimu ya Maandiko ni makao ya wafu, si adhabu. Jehanamu ya Maandiko ni onyo la kweli la hukumu, wala haiondolewi kwa kutaja asili ya jina lake. Mateso yasiyokoma ni tafsiri mojawapo ya onyo hilo, yenye watetezi wakuu, lakini si neno lenyewe la onyo. Mantiki peke yake haiwezi kuithibitisha jehanamu wala kuikana. Yaweza tu kumwonyesha kila msemaji kauli aliyoificha katika hoja yake. Watunga kamusi na wafasiri wa baadaye wana wajibu wa kuyaweka maneno haya mawili mbalimbali, na wahubiri wana wajibu wa kuyasema kama yalivyoandikwa. Kanisa Katoliki, ambalo limewatangaza watu wengi kuwa watakatifu, halijamtangaza mwanadamu hata mmoja kwa jina kuwa yumo jehanamu. Mhubiri wa Songea hana ruhusa ya kuwataja kwa jina wale ambao Kanisa halikuwataja, wala ya kuwapeleka huko babu za watu kwa kosa la msamiati.